Ibn Zuhr: Tabibu wa Andalusia aliyetoboa koo la mbuzi

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tunakuletea maisha ya tabibu ambaye jina lake halitajwi sana majumbani mwetu, ingawa alama ya kazi yake ipo shingoni mwa wagonjwa katika wodi za hospitali zetu hadi hii leo.

Yeyote aliyewahi kuchinja mbuzi wa Idd, awe ni mkazi wa Sirari, Nyamongo, Mugumu au Natta, anaijua shingo ya mnyama kwa mkono wake. Katika mlango wa kuchinja mafaqihi wametutajia vitu vinne: koo la pumzi, koo la chakula, na mishipa miwili mikubwa ya damu inayopita kandoni. Kisu kikali kinapopita hapo mara moja, roho hutoka upesi. Hayo tunayajua tangu utotoni. Sasa mfikirie kijana wa Kiislamu, miaka mia tisa iliyopita, amemlaza mbuzi mbele yake na kisu mkononi, lakini anakusudia kukata kimoja tu katika vile vinne, koo la pumzi, na vingine asiviguse kabisa. Hakuwa na haja ya nyama. Alitaka mbuzi yule aishi.

Kijana huyo alikuwa Abu Marwan Abdul-Malik bin Abil-Alaa Zuhr, ambaye Wazungu walilipinda jina lake wakamwita Avenzoar. Alizaliwa katika mji wa Ishbilia, ambao leo ni Sevilla nchini Hispania, baina ya mwaka 1091 na 1094. Ukoo wake ulikuwa wa Waarabu wa kabila la Iyad waliohamia Andalusia. Baba wa babu yake, Muhammad, alikuwa faqihi. Babu yake, ambaye naye aliitwa Abdul-Malik, alisafiri kwenda Hija, akapitia Qairawan na Misri, akajifunza utabibu huko na kurejea nao nyumbani. Tangu hapo utabibu ukawa urithi wa nyumba ile, ukipokewa na mtoto kutoka kwa mzazi kwa vizazi vitano au zaidi, na kama tutakavyoona huko mbele, wanawake wa nyumba hiyo hawakuachwa nyuma.

Baba yake, Abul-Alaa, alikuwa tabibu mashuhuri na waziri. Kuhusu mzee huyu kuna kisa kinachotuonyesha tabia za nyumba ile. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara mmoja alimletea zawadi ya kitabu cha Al-Qanun cha Ibn Sina, kilichoandikwa kwa hati nzuri mno, wakati ambapo kitabu hicho kilikuwa bado kigeni Andalusia. Mzee alikifungua, akakisoma, hakukipenda. Badala ya kukiweka katika maktaba yake akawa anakata pambizo za kurasa zake na kuandikia wagonjwa majina ya dawa. Huenda alimdhulumu Ibn Sina, na mimi nadhani alimdhulumu kweli. Lakini mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo alijifunza mapema kwamba neno haliwi kweli kwa sababu tu limeandikwa na mkubwa.

Abu Marwan alisoma kwanza fiqhi, hadithi na adabu za lugha ya Kiarabu, kama watoto wa wanachuoni wote wa zama zile, kisha akakaa mbele ya baba yake kusoma utabibu. Ni katika miaka hiyo ya uanafunzi ndipo alipokutana na suala la koo.

Matabibu wa kale waliujua ugonjwa unaovimbisha koo hadi mgonjwa akakosa pumzi akiwa na akili zake timamu, akitazama watu wake wakimtazama. Wayunani walikuwa wameandika kwamba katika hali hiyo inawezekana kupasua koo la pumzi chini ya uvimbe, hewa ikaingilia hapo, na mtu akaokoka. Waliandika, lakini wengi wao wenyewe waliogopa. Wengine walishikilia kwamba koo la pumzi limeundwa kwa gegedu, na gegedu likishakatwa haliungi tena, kwa hiyo aliyepasuliwa ameokolewa leo ili afe kesho.

Huko huko Andalusia, karibu miaka mia moja kabla ya Ibn Zuhr, bingwa wa upasuaji Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Qurtuba, aliyefariki karibu mwaka 1013, alikuwa ameligusa jambo hili katika kitabu chake At-Tasrif chenye juzuu 30. Alieleza namna ya kupasua, kisha akakiri kwamba hajapata kumwona mtu yeyote katika nchi yake aliyefanya hivyo. Hata hivyo alikuwa na ushahidi mmoja. Kijakazi mmoja alishika kisu akajichoma kooni, akakata sehemu ya koo la pumzi. Az-Zahrawi akaitwa. Alimkuta anakoroma kama mnyama aliyechinjwa, hewa ikitoka kwenye jeraha, lakini damu ilikuwa kidogo, maana ile mishipa miwili ya kandoni ilikuwa haijaguswa. Akalishona jeraha, akamuuguza, na binti yule akapona akabaki na sauti ya mkwaruzo tu. Az-Zahrawi akahitimisha kwamba kukata koo la pumzi peke yake hakuna hatari ile inayoogopwa.

Tusidhani kwamba majeraha ya namna hiyo yalikuwa ya zama zile pekee. Madaktari wa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa wanakopelekwa pia wagonjwa wa Tarime na Serengeti, walichapisha mwaka 2014 taarifa ya watu 98 waliofikishwa kwao wakiwa wamekatwa koo, wengine kwa mikono ya watu na wengine kwa mikono yao wenyewe.

Ibn Zuhr aliyasoma maneno ya waliomtangulia. Aliona kwamba wote wanazungumzia jambo ambalo hakuna aliye hai aliyeliona likifanywa kwa makusudi. Hapo ndipo alipomchukua mbuzi. Akapasua ngozi na utando ulio chini yake, kisha akakata kipande cha koo la pumzi lenyewe, tundu lisilofikia ukubwa wa punje ya turmus, ambayo ni jamii ya kunde bapa iliyo kubwa kuliko choroko zetu. Hakufanya haraka ya kutangaza. Akawa analisafisha jeraha kwa maji na asali siku baada ya siku mpaka likafunga. Mbuzi akapona kabisa na akaishi muda mrefu baada ya hapo.

Kwa mfugaji wa Tarime jambo hili laweza kuonekana dogo, kwani ni nani asiyepata kuona mbuzi aliyepona jeraha kubwa? Lakini tazama alichokifanya. Hakubishana na vitabu kwa vitabu. Alichagua mnyama ambaye shingo yake inafanana na yetu vya kutosha, akafanya kitu kimoja, akangoja, akaandika alichokiona bila kukiongeza. Na katika maandishi yake hakudai kwamba alimpasua mwanadamu kwa njia hiyo. Kilichoandikwa ni mbuzi, na kwa mbuzi akaishia.

Ilichukua karne nyingi kabla ya upasuaji huo kuwa wa kawaida. Tabibu wa Italia, Brasavola, anahesabiwa kuwa alimwokoa mgonjwa kwa njia hiyo mwaka 1546. Katika karne ya 19 Trousseau wa Paris aliwapasua watoto wengi waliokuwa wakifa kwa dondakoo, na takriban robo yao wakaokoka, jambo lililohesabiwa ushindi mkubwa kwa wakati huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Chevalier Jackson akaweka utaratibu ambao ndio msingi wa unaofuatwa leo. Madaktari wetu huuita upasuaji huu trakeostomia: tundu hufunguliwa chini ya koromeo na mrija mfupi uliopinda hupitishwa humo ili mgonjwa apumue.

Bugando hiyo hiyo, katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2011, ilihesabu wagonjwa 214 waliofanyiwa upasuaji huo katika muda wa miaka kumi. Zaidi ya nusu waliziba koo kwa sababu ya majeraha, na sehemu kubwa ya waliobaki kwa sababu ya uvimbe na saratani. Takriban mmoja kati ya kila watano alipata matatizo yaliyotokana na tundu au mrija wenyewe. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo inayotulazimu tumwache Ibn Zuhr kwa kitambo na kuzungumza na familia ambayo imerudi nyumbani na mgonjwa mwenye mrija, ikiwa safari ya kurejea Mwanza ni ya saa nyingi ndani ya basi.

Mbuzi wa Ibn Zuhr hakuwekewa mrija. Aliachwa, na tundu likajifunga lenyewe. Basi jua kwamba tundu la shingoni, likiachwa bila mrija, huanza kusinyaa, na likiwa bado changa laweza kufunga kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana utepe unaoushika mrija haulegezwi ovyo. Kipimo chake ni kidole kimoja kupita baina ya utepe na shingo. Mrija wa kwanza katika siku za mwanzo hubadilishwa na mtaalamu tu, na nyumbani lazima uwepo mrija wa akiba wa kipimo kile kile pamoja na mwingine ulio mdogo kidogo, vikae mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua, pamoja na mkasi, utepe na tochi. Msiviweke kabatini mkapoteza ufunguo. Nasema hivi kwa sababu ndivyo tulivyo na vitu vya thamani.

Tatizo linalotokea mara nyingi zaidi ni kuziba. Mwenyezi Mungu ameiumba pua iipashe hewa joto, iilowanishe na kuichuja. Mwenye mrija hewa yake haipiti puani, inaingia kavu na vumbi lake moja kwa moja, na makohozi yanakauka yakawa kama gundi ndani ya mrija. Katika kiangazi cha kwetu, gari likipita barabara ya vumbi na jiko la kuni likifuka, mrija huziba upesi zaidi. Kitambaa chepesi safi, kilicholowanishwa kidogo kwa maji safi na kuning'inizwa mbele ya mrija bila kuubana, kinasaidia sana. Mgonjwa anywe maji ya kutosha ikiwa daktari hakumzuia. Moshi wa kuni, wa sigara, na hata udi na ubani tunaouchoma siku za Ijumaa, ukae mbali na chumba chake.

Mirija mingi ya watu wazima ina sehemu mbili: wa nje unaobaki shingoni, na wa ndani unaochomolewa, ukaoshwa, ukarudishwa. Huo wa ndani usafishwe mara kadhaa kwa siku kama mlivyoelekezwa hospitalini, bila kungoja dalili. Watoto wengi huwa na mrija mmoja tu, na kwao kazi kubwa ni kunyonya makohozi. Mpira wa kunyonyea hauingizwi kupita kina mlichoonyeshwa, na haukai ndani zaidi ya sekunde kumi kwa mtu mzima, na pungufu ya hapo kwa mtoto, kwani wakati mnanyonya makohozi mnanyonya na pumzi yake. Umeme hukatika, basi anayeweza apate pia kifaa cha kunyonya kwa mkono au mguu.

Dalili za kuziba anayeangalia kwa makini haziwezi kumpita: pumzi inayopiga mluzi au kukoroma, ngozi ya baina ya mbavu na juu ya kifua inayovutwa ndani kila anapovuta hewa, pua zinazotanuka, jasho, mahangaiko, mtoto anayeacha kunyonya titi. Midomo na ulimi vikigeuka rangi kuwa vya kijivu au vya samawati, muda umebaki mdogo sana. Hapo mrija wa ndani uchomolewe mara moja. Kwa wengi hilo peke yake linatosha, na mgonjwa anapumua papo hapo. Ikiwa hakuna wa ndani, nyonya. Mpira ukikataa kupita, mrija wote umeziba au umehama, nao utolewe na wa akiba uwekwe, ikiwa mlishafundishwa kufanya hivyo. Kipimo kile kikikataa, jaribu kile kidogo. Vyote vikikataa, tundu liachwe wazi, mgonjwa apelekwe kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja asubuhi, na njia nzima mmoja akiangalia pumzi yake.

Hapa pana tofauti ambayo jamaa wote wanapaswa kuijua kabla ya siku ya shida. Wengi wenye mrija bado wana njia ya juu, hata kama ni nyembamba, na wanaweza kusaidiwa kwa kinywa na pua pia. Lakini aliyeondolewa koromeo lote, kwa mfano kwa ajili ya saratani, hana njia nyingine isipokuwa ile ya shingoni. Kumfunika shingo ni kumziba pumzi, na kumpulizia mdomoni hakumfikishii kitu. Akifika kituo ambacho hawamfahamu, jamaa wawaambie wahudumu kwa sauti hewa ya oksijeni iwekwe shingoni. Ni vyema maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa juu ya kitanda chake.

Lipo jambo jingine ambalo huwadanganya watu kwa furaha. Mirija mingine ina kibofu kidogo kinachojazwa hewa ndani ya koo, na mwenye mrija huo hatoi sauti. Akisikika ghafla anaita jina la mkewe, nyumba nzima hushukuru. Huenda kibofu kimepasuka au mrija umetoka mahali pake. Mwangalieni kwanza. Na kifuniko cha kuzungumzia kisiwekwe kamwe wakati kibofu kimejaa, kwa maana pumzi itaingia ikose pa kutokea.

Michirizi ya damu katika makohozi baada ya kunyonya si ajabu. Damu nyekundu mbichi inayotoka yenyewe, hata ikiwa kidogo, hasa katika wiki za mwanzo, ni habari nyingine. Mshipa mkubwa wa damu unapita mbele ya koo, na mrija unaosugua unaweza kuufikia. Mara nyingi damu kidogo hutangulia ile nyingi kwa saa kadhaa au siku, na huo ndio muda pekee wa kumfikisha mgonjwa hospitali. Usaha, harufu mbaya, wekundu na homa navyo ni vya kupelekwa kwa daktari, ingawa havina haraka ya namna ile.

Wapo watakaouliza kuhusu udhu na josho. Suala la hukumu waulizwe masheikh. La afya ni jepesi: maji yasiingie katika tundu. Uso uoshwe kwa kiganja chenye maji machache huku kichwa kimeinama kidogo mbele, na wakati wa kuoga shingo ikingwe, maji yamwagwe kuanzia kifuani kwenda chini. Kuogelea mtoni au ziwani hapana.

Na asali je? Najua wasomaji wameshaipigia mstari ile asali ya Ibn Zuhr. Aliitumia pamoja na maji kuoshea jeraha la nje la mnyama ambaye hakuwa na mrija. Kumimina asali, mafuta ya habbat sauda au kitu chochote ndani ya mrija wa mtu ni kukimimina mapafuni mwake. Ngozi ya kuzunguka tundu isafishwe kwa maji safi na kukaushwa, na dawa yoyote juu yake iwe ile aliyoandika daktari.

Nimesikia pia wazazi wakikataa kutia saini upasuaji huu kwa kuamini kwamba anayetobolewa koo hatapona, au atakaa na tundu maisha yake yote. Kwa wengi mrija ni wa muda. Uvimbe ukiisha au jeraha likipona madaktari huutoa, na lile tundu hufunga kama lilivyofunga la mbuzi.

Turudi Ishbilia. Kijana wa mbuzi alikua akawa tabibu wa watawala. Mwaka 1121 alikamilisha kitabu chake Al-Iqtisad kwa ajili ya Ibrahim bin Yusuf bin Tashfin, aliyekuwa liwali wa Ishbilia chini ya dola ya Murabitun. Miaka kama kumi baadaye baba yake alifariki, naye akabaki mkubwa wa nyumba ya Zuhr. Kisha dunia ikamgeukia. Ali bin Yusuf, mtawala wa Murabitun na ndugu wa yule liwali, alimkasirikia, na karibu mwaka 1140 akamtia gerezani mjini Marrakesh. Tabibu aliyezoea kuingia katika majumba ya watawala akaonja chakula cha gerezani. Uchungu wa miaka ile haukumtoka, na alipokuja kumtaja Ali katika kitabu chake hakumtaja kwa heshima.

Dola ya Murabitun ilianguka. Mwaka 1147 Muwahidun waliitwaa Marrakesh, na Ishbilia nayo ikaingia mikononi mwao. Khalifa wao, Abdul-Mu'min, alimkaribisha Ibn Zuhr, akamfanya tabibu wake na kumpa heshima kubwa. Alimwandikia khalifa huyo kitabu cha vyakula, Kitabul-Aghdhiya.

Ibn Zuhr hakuwa tabibu wa kulazimisha. Waandishi wa sira za matabibu wanasimulia kwamba Abdul-Mu'min alihitaji dawa ya kuharisha, lakini alichukia mno kunywa dawa za namna hiyo. Ibn Zuhr akaenda kwenye mzabibu bustanini, akawa anaumwagilia maji yaliyolowekwa dawa hiyo mpaka ikapanda ndani ya matunda. Zabibu zilipowiva akamletea khalifa kichala, akamtazama akila, na alipofikisha punje kumi akamwambia basi, hizo zinakutosha kwenda haja mara kumi. Ikawa hivyo, na khalifa akazidi kumpenda. Sisi tunaowabana watoto pua ili wameze dawa tungestahili kukaa kidogo na kisa hiki.

Kitabu chake kikubwa ni At-Taysir, alichokiandika kwa kuombwa na rafiki yake kijana, Ibn Rushd wa Qurtuba, ambaye naye katika kitabu chake Al-Kulliyyat aliwaelekeza wasomaji wanaotaka tiba ya ugonjwa mmoja mmoja waende kwa Ibn Zuhr. Humo ndimo alimomtaja mbuzi wake. Humo pia alieleza wadudu wadogo mno wanaoishi chini ya ngozi ya mwenye upele, maji yanayojaa katika utando wa moyo, na uvimbe wa ndani ya kifua. Na kuhusu mgonjwa ambaye koo lake la chakula limepooza au kuziba hata hawezi kumeza, alishauri apitishiwe mrija wa fedha au wa bati, na kwa huo ateremshiwe maziwa au uji mwepesi kidogo kidogo. Mtu huyu alijali njia zote mbili za shingo, ya pumzi na ya chakula.

Ajabu ni kwamba hakupenda kushika kisu. Katika zama zake tabibu wa daraja lake aliwaachia wasaidizi kazi za kupasua na kuumika, na yeye mwenyewe alikiri kwamba kuona majeraha kulimtaabisha. Ndiyo maana siku ile ya mbuzi inanivutia zaidi. Aliyafanya kwa mkono wake yale ambayo moyo wake haukuyapenda, kwa sababu hakuona njia nyingine ya kujua.

Kifo chake kina kisa chake. Katika Ishbilia alikuwepo tabibu mwenzake aliyejulikana kwa jina la Al-Far, mtaalamu wa dawa. Ibn Zuhr alipenda sana tini mbichi na alizila kwa wingi. Al-Far hakuzila, au alizila kwa nadra mno. Kila walipokutana Al-Far alimwonya kwamba tini hizo zitamletea jipu baya la ndani, naye Ibn Zuhr akimjibu kwamba kwa kujinyima kwake tini atakufa kwa kukakamaa viungo. Wasimulizi wanasema Al-Far alikufa kwa kukakamaa, na Ibn Zuhr akatokwa na jipu ubavuni. Alijitibu kwa marhamu zake. Mwanawe alipomshauri abadilishe dawa hii kwa ile, alimjibu kwamba Mwenyezi Mungu akishataka kuubadilisha mwili huu, dawa hazitatumika ila kwa namna atakavyo Yeye. Alifariki Ishbilia mwaka 557 Hijria, sawa na 1162 Miladia.

At-Taysir kilitafsiriwa kwa Kiebrania, na kutoka hapo kwa Kilatini, na mwaka 1490 kilipigwa chapa mjini Venice. Nyumbani kwake alimwacha mwanawe Abu Bakr, tabibu na mshairi, pamoja na binti ambaye alikuwa hodari katika tiba, hasa magonjwa ya wanawake. Binti huyo naye alimfundisha bintiye. Wawili hao ndio waliokuwa wakiingia kwa wanawake wa nyumba ya khalifa Al-Mansur, mjukuu wa Abdul-Mu'min, na khalifa hakukubali mkunga mwingine yeyote awazalishe watu wake.